Kabla Hujailipia Jozi ya Taroti ya Nakala Chache

Mtu akikwambia ana jozi ya nakala chache ya taroti, zile karata za picha zenye asili ya Italia, muulize mambo mawili kabla hujauliza bei: nani aliichapa, na je, akitaka kesho anaweza kuichapa tena ile ile? Majibu ya hayo mawili ndiyo yanayobeba thamani. Maneno "toleo maalumu" yaliyopigwa kwa rangi ya dhahabu kwenye boksi hayabebi kitu. Mimi mwenyewe naweza kukupigia maneno hayo leo kabla ya adhuhuri.

Nasema hivyo kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Nina duka la uchapaji hapa Malindi mjini: kadi za harusi, menyu za mahoteli, vitabu vya risiti, mabango msimu wa kampeni. Karata nilizipendea karatasi na wino, na Malindi ni mahali pazuri pa kuzipendea. Waitaliano wameishi nasi tangu zama za kituo cha kurushia setelaiti cha San Marco kule Ngomeni, ambacho kilirusha setelaiti yake ya kwanza mwaka 1967. Wengine walijenga upande wa Casuarina wakazeekea huko. Mzee akirudi kwao au akifariki, nyumba huuzwa pamoja na vilivyomo: friji, vioo, vitabu, na kwenye droo fulani, mara nyingi, karata. Vijana wanaotunza nyumba hizo wanajua duka langu. Ninayoandika hapa ndiyo ninayowafundisha, ili wasiuze kitu cha maana kwa bei ya njugu, wala wasinunue takataka kwa bei ya dhahabu.

Hesabu kabla hujasifu

Jozi nyingi zinazotoka kwenye droo hizo si taroti. Ni karata 40 za kuchezea scopa na briscola, michezo ya Kitaliano, ambazo kopa zake ni vikombe hasa, uru ni sarafu, shupaza ni panga na pau ni marungu. Nazo zina wenyewe, hasa zenye muhuri wa kodi. Italia iliacha kutoza kodi ya karata mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa hiyo muhuri ule peke yake unakupa fununu ya umri.

Taroti kamili ina karata 78: kopa, uru, shupaza na pau, 14 kwa kila aina, halafu karata kuu 22. Lakini usiitupe jozi kwa sababu tu haikufika 78. Taroti ya Bologna ina 62. Minchiate ya Firenze ina 97. Na wasanii wengi wanaotoa nakala chache huchora zile karata kuu 22 peke yake, kwa umbo kubwa, kwa hiyo 22 inaweza kuwa jozi nzima isiyopungua kitu. Zipange kwa nambari kuanzia Mpumbavu, ambaye huwa na sifuri au hana nambari kabisa, hadi Dunia ambayo ni ya 21. Zikitimia, na kijitabu kikisema hivyo, uko salama.

Karata moja ikikosekana kwenye jozi ya kisasa, bei huporomoka. Jozi za kale zina hukumu yake. Jozi iitwayo Visconti-Sforza ilichorwa kwa ajili ya watawala wa Milano katikati ya karne ya 15, ikapakwa dhahabu kwa mkono, na leo zimebaki karata 74, tena zimetawanyika: 35 ziko Morgan Library New York, 26 ziko Accademia Carrara Bergamo, na 13 kwa ukoo wa Colleoni. Shetani hayupo, Mnara haupo, tatu ya shupaza haipo. Hata hivyo kila mkusanyaji duniani angetoa chochote kuishika moja tu. Lakini jozi iliyochapwa miaka kumi iliyopita ikikosa tatu ya shupaza, umebaki na karatasi.

Hesabu na vya ziada. Kijitabu, cheti, mfuko wa kitambaa, karata ya msanii yenye sahihi, boksi la nje na la ndani, hata bahasha ya shukrani aliyoituma msanii. Mnunuzi anayejua atakuuliza kimoja kimoja. Ndiyo maana huwaambia vijana: ukiikuta jozi ndani ya droo, beba droo nzima mpaka nje, uichambue kwenye mwanga. Cheti hupenda kulala chini ya karatasi iliyotandikwa.

Nambari na sahihi

Kwenye toleo la nakala chache utaona kitu kama 312/500, maana yake nakala ya 312 kati ya 500. Tazama kama imeandikwa kwa mkono au imepigwa na mashine. Ya mkono huacha mfereji mdogo kwenye karatasi: inamisha kwenye mwanga wa dirisha, utauona wino umekaa ndani ya alama ya kalamu. Halafu linganisha nambari ya cheti na ya boksi. Zikitofautiana, mtu amechanganya jozi mbili, na hapo lazima uanze kukagua karata zenyewe upya.

Watu wengi huniuliza kama nambari ndogo ina thamani zaidi. Inategemea jozi ilichapwaje. Picha ikichongwa kwenye bamba la shaba, kama taroti ya Kitaliano iitwayo Sola Busca ya mwaka 1491 hivi, mistari ya bamba huchakaa kila inapobanwa, kwa hiyo nakala za mwanzo huwa kali kuliko za mwisho. Kwenye ofseti, uchapaji wa mashine ambao ndio unaotumika kwa jozi nyingi za leo, nakala ya kumi na ya mia tano ni ndugu wa tumbo moja. Na ukumbuke nambari huandikwa baada ya karatasi kukatwa na kupangwa, wala si kwa mfuatano wa kutoka mashinani. Wapo wanaolipia zaidi kuipata nambari 1 au 7, na hayo ni mapenzi yao. Mimi siongezi hata shilingi.

Kinachonifanya niongeze ni mkono wa mtu. Kijana mmoja aliyekuwa akimtunzia mzee nyumba aliniletea boksi la kadibodi, kifuniko chake kimebandikwa karata moja, na pembeni mabaki ya lakiri nyekundu. Ndani mlikuwa na karata kuu 22 za Il Meneghello, nyumba ya Osvaldo Menegazzi wa Milano, ambaye kwa miongo mingi alitoa jozi kwa nakala chache, akizihesabu na kuzitia sahihi. Niliosha mikono, nikaikausha vizuri, nikazitandaza juu ya karatasi nyeupe. Karatasi yake ni nene, haina ule mng'aro wa plastiki, na ukipitisha kidole unahisi nyuzi. Rangi ya bluu kwenye joho la Papa Mwanamke ilikuwa imezidi mstari kidogo upande wa kushoto. Mashine isingefanya hivyo. Na kwenye karata ya cheti, ile herufi ya mwisho ya sahihi ilikuwa imeanza kukauka wino, mwandishi akairudia. Jozi ile nilimlipa yule kijana kwa haki, na sijaiuza.

Je, lakiri iliyovunjika hupunguza bei? Kidogo, ndiyo, kwa wanaonunua ili wauze tena. Kwa anayekusanya kwa mapenzi, karata safi ndani ya boksi lililofunguliwa vizuri ni bora kuliko boksi ambalo hakuna ajuaye kilichomo.

Kisichochapika tena

Hapa ndipo penye kiini. Mfano ulio wazi kuliko yote ni jozi iliyochapwa London Desemba 1909 na William Rider & Son, kwa mawazo ya Arthur Edward Waite na michoro ya Pamela Colman Smith. Jozi hiyo imechapwa tena na tena kote duniani. Yumkini ndiyo taroti pekee uliyowahi kuiona. Sasa kwa nini nakala za mwanzo zinatafutwa kama lulu? Kwa sababu michoro ya asili ya Pamela haijulikani ilipo, na mabamba ya kwanza ya uchapaji hayapo. Nakala zile za miaka ya mwanzo ndizo zilizobaki karibu zaidi na mkono wake. Zile za kwanza kabisa zina waridi na yungiyungi mgongoni. Zilizofuata zina mgongo wa nyufanyufa. Wakusanyaji wamezipa majina kuanzia Pam A hadi Pam D, na huzitofautisha kwa mistari midogo sana, hasa kwenye karata ya Jua.

Pamela mwenyewe alimwandikia mpiga picha Alfred Stieglitz mwaka ule wa 1909 kwamba amemaliza kazi kubwa kwa malipo madogo sana. Alifariki Cornwall mwaka 1951 akiwa na madeni, na kwa miaka mingi jozi iliitwa kwa jina la mchapishaji na la Waite tu. Mimi kama fundi jambo hili linaniuma. Kila ukiishika jozi hiyo, hata ya bei nafuu, tafuta karibu na ukingo wa chini wa karata alama yake ya herufi PCS zilizosukwa pamoja. Aliiweka kwenye karata zake. Siku hizi wakusanyaji wanaosema "Waite-Smith" wanamrudishia kilicho chake.

Kanuni hiyo itumie kwa jozi za sasa. Msanii akitoa jozi kwa fedha zake, halafu kampuni kubwa ikainunua kazi na kuisambaza, ile ya kwanza hupanda. The Wild Unknown ya Kim Krans ilikwenda njia hiyo: aliitoa mwenyewe mwaka 2012, kisha ikatoka kwa mchapishaji mkubwa mwaka 2016. Taroti ya Salvador Dalí ilitoka mwaka 1984, na wachapishaji Taschen wakaitoa upya mwaka 2019, nzuri kwa macho. Anayetaka kuzitazama picha atanunua ya Taschen na atafurahi. Mkusanyaji bado anaitafuta ya 1984. Kwa hiyo kabla ya kulipa, soma alichoahidi msanii wakati wa kuchangisha fedha, kwenye mtandao wa Kickstarter au kwingineko. Alisema hatachapa tena kabisa, au alisema hatachapa tena kwa ukingo wa dhahabu? Ni ahadi mbili tofauti, na wengi huzisoma kama moja.

Macho, vidole, kioo cha kukuzia

Nunua kioo cha kukuzia, hata kile kidogo cha masonara. Ofseti ya rangi hujengwa kwa vitone vya rangi nne vilivyopangwa kwa mpangilio safi, lakini maandishi meusi huwa meusi matupu, kingo zake zimenyooka. Mwizi huchukua jozi iliyokwisha chapwa, akaiskani na kuichapa upya. Hapo herufi nazo hugeuka vitone vya rangi, mistari hufifia, na kwenye sehemu za rangi moja utaona mawimbimawimbi ambayo msanii hakuyachora. Ukiona herufi nyeusi za jina la karata zimeundwa kwa vitone vya buluu na wekundu, rudisha. Jozi za zamani za chapa ya mawe, ambapo bamba la kuchapia lilikuwa jiwe, ni sura nyingine: rangi hukaa kwa mabaka na chembe zisizo na mpangilio, moja juu ya nyingine.

Kisha ubavu. Hili silisikii likisemwa sana, nami nalithamini kuliko yote. Zipange karata zote, zigonge mezani taratibu mpaka zikae sawa, halafu zitazame kwa upande usawa wa jicho. Jozi iliyokatwa siku moja kwa kisu kimoja ina ubavu kama ukuta uliopigwa lipu na fundi mzuri. Karata iliyotoka kwenye jozi nyingine kuziba pengo itajitokeza au itazama kwa unywele, au kona yake itakuwa na mviringo tofauti kidogo, au weupe wake utakuwa wa aina nyingine. Jozi inaweza kuwa na karata 78 na bado isiwe jozi.

Karatasi nzuri ya taroti huwa gramu 300 hadi 350 kwa mita mraba. Ikunje kidogo kwa vidole viwili uiachie. Irudi yenyewe bila kubaki imepinda. Iinue kwenye taa: picha ya upande wa pili isionekane. Ukingo wa dhahabu upanguse kwa kitambaa cheupe kikavu. Dhahabu iliyobandikwa kwa joto haitoki kirahisi. Rangi ya kupaka hutoka. Karata mpya zenye ukingo huo huwa zimeshikana, zitenganishe moja moja kwa subira, usizikunje kwa nguvu.

Binti mmoja alinipigia kutoka Mtwapa.

"Shikamoo ami. Nimeona jozi mtandaoni, wanasema toleo maalumu, na bei iko chini sana."

"Marahaba mwanangu. Kijitabu kipo?"

"Hakipo. Kuna picha ya kuskani kwa simu, ndipo ukisome."

"Na ukubwa wake?"

"Wanasema inaenea mfukoni."

"Jina la mchapishaji na mji wake vimeandikwa kwenye boksi?"

Akanyamaza, akaangalia. Havikuwapo. Nilimwambia aachane nayo, na amwandikie msanii mwenyewe, maana wengi hujibu. Alimwandikia, akaambiwa kwamba jozi ya kweli ni ya milimita 70 kwa 120 na ina kitabu ndani.

Majirani na swali lao

Kuna swali ambalo hapa pwani haliepukiki. "Bwana, hizo si za kupigia ramli?" Sipigi ramli, wala sipigiwi, na sijawahi kumshauri mtu afanye hivyo. Karata hizi zilianza kaskazini mwa Italia katika karne ya 15 zikiwa za mchezo, zikachezwa hivyo kwa zaidi ya miaka mia tatu. Habari za siri na utabiri zilienezwa Ufaransa kuanzia mwaka 1781, Antoine Court de Gébelin alipoandika kwamba asili yake ni Misri ya kale, jambo ambalo halikuwa kweli. Kuna vijiji Italia na Ufaransa ambako mpaka leo watu huzichanga na kugawiana kucheza tu. Mimi nazihifadhi kama kazi za wachoraji na wachapaji, na mwenye shaka namkaribisha dukani aone.

Hewa ya pwani

Malindi inaua karatasi. Joto la kaskazi hukausha na kupinda, masika huleta unyevu na ukungu, na upepo wa bahari una chumvi mwaka mzima. Usiweke jozi kwenye kabati linaloegemea ukuta wa nje, hasa nyumba za mawe ya kale, maana ukuta hunywa maji ukayatoa taratibu. Weka kabati la ukuta wa ndani, rafu ya juu, ndani ya boksi la plastiki linalofunga vizuri pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Vipakiti hivyo huchoka. Vibadilishe kabla ya masika. Fungua boksi siku kavu, kagua. Kuna wadudu wadogo wa rangi ya fedha wanaopenda gundi ya maboksi, nao huanza kwenye kona.

Usifunge karata kwa mpira. Joto huuyeyusha ukaganda kwenye kingo. Kata ukanda wa karatasi nyeupe, uzungushe, basi. Usitumie selotepu. Na tafadhali, tafadhali sana, usizilaminishe. Wanakuja watu dukani na jozi nzuri wakitaka niwafunge plastiki ili zidumu. Ninakataa kazi hiyo hata wakinilipa mara mbili, kwa sababu gundi ya joto haitoki tena na jozi inakuwa imekufa siku hiyo hiyo.

Ile nailoni nyembamba ya kiwandani je? Wauzaji wa Ulaya hushauri iachwe. Kwa hapa kwetu nashauri itolewe, kwa kuwa joto huikaza mpaka inapinda boksi, na unyevu ulioingia hautoki. Ukate kwa uangalifu, uihifadhi ndani ya bahasha pamoja na kibandiko chake, na upige picha kabla ya kukata.

Bei na kuuza

Bei inayotangazwa ni ndoto ya muuzaji. Angalia bei zilizokwisha lipwa. Soko la mtandaoni la eBay lina sehemu ya kuonyesha vilivyouzwa, na hapo ndipo penye ukweli. Tafuta mauzo ya jozi ile ile, toleo lile lile, hali ile ile, ukatoe gharama za posta na ushuru. Mtu anayenunua kutoka nje asisahau kwamba usafirishaji na ushuru vinaweza kupita bei ya jozi yenyewe.

Eleza asili yake kwa maandishi. "Ilitoka nyumba ya mzee Mwitaliano, Malindi, ikiwa na barua ya muuzaji wa Milano" ni sentensi yenye fedha ndani, ikiwa barua ipo. Usitaje jina la familia bila idhini yao. Na kasoro ziseme zote: kona iliyochubuka, doa, harufu ya tumbako. Mkusanyaji husamehe doa alilolijua, hasamehi alilolikuta.

Piga picha mchana, karibu na dirisha, bila taa ya simu: boksi pande zote, cheti, nyuso zote zikiwa zimetandazwa, migongo, halafu ubavu. Ile ya ubavu humtumia mnunuzi kabla sijafunga kifurushi. Akiridhika, nazifunga karata kwa karatasi isiyo na wino, nazikaza katikati ya vipande viwili vya kadibodi ngumu, boksi lake nalijaza pengo lisitikisike, na kijitabu nakiweka pembeni, si juu ya karata, maana pini zake huacha alama.